Trela Hununuliwa kwa Hesabu, Si kwa Macho

Mtu akisimama kando ya barabara kuu itokayo Malaba kuelekea Tororo, Jinja na Kampala, hata kwa muda wa nusu saa tu, ataona yakipita mbele yake mahitaji karibu yote ya nchi hii isiyo na pwani. Ataona nondo, mabati, mbolea, ngano, vipuri na mashine vikiingia. Ataona magunia ya kahawa na chai yakitoka. Ataona saruji ya Tororo ikitawanywa mikoani, na makontena matupu yakirudishwa Mombasa ambako yalitoka yamejaa. Akiwa na jicho la uchunguzi ataona jambo jingine pia, nalo ni kwamba vyombo vinavyobeba shehena hizi havikuchaguliwa kwa akili moja. Trela moja ni refu mno kwa mzigo lililoubeba. Jingine ni la juu mno. La tatu limeinama upande wa nyuma kana kwamba linataka kuketi.

Mwandishi wa makala haya anaona kwamba wakati umefika wa kulisema wazi jambo ambalo madereva wetu wamelijua siku nyingi, lakini hawana mahali pa kulisemea. Makosa mengi yanayogunduliwa kwenye mizani za barabarani hayakutendwa siku ya safari. Yalitendwa siku ile mwenye mali alipoinunua trela yake, akatazama urefu wake na rangi yake, akalipa, asiulize vipimo. Baada ya hapo dereva na utingo wake ndio wanaokesha chini ya gari siku mbili au tatu, wakingoja mzigo ushushwe na kupangwa upya, huku riba ya mkopo ikiendelea kuhesabiwa benki.

Tunazungumza hapa juu ya trela la bapa, yaani lile lenye sakafu tupu, lisilo na paa wala kuta za kudumu. Ndilo mtumishi wa kila kazi. Leo hubeba kontena, kesho nondo, keshokutwa magunia. Kwa mwananchi mwenye gari moja au mawili, ambaye hana mkataba wa shehena ya aina moja mwaka mzima, trela hili ndilo lenye faida kuliko yote. Lakini mtumishi wa kila kazi hapana budi awe na maumbile yanayomwezesha kuifanya kila kazi. Maumbile hayo ni manne: urefu, upana, kimo cha sakafu, na mahali ekseli zilipofungwa. Nitayachukua moja baada ya jingine, lakini kwanza hatuna budi kuisoma sheria, maana sheria ndiyo mzazi wa vipimo vyote.

SHERIA YASEMA NINI

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuwa na sheria moja ya udhibiti wa uzito wa magari, iliyotungwa mwaka 2013. Kwa mujibu wa sheria hiyo, ekseli ya usukani hairuhusiwi kubeba zaidi ya tani 8. Ekseli moja yenye tairi pacha pande zote mbili haizidi tani 10. Ekseli mbili zilizoongozana hazizidi tani 18, na tatu zilizoongozana hazizidi tani 24. Gari zima pamoja na mzigo wake, hata likiwa na ekseli saba, lisipite tani 56.

Sasa tujumlishe, kwani hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Gari lililoenea zaidi katika njia yetu ni kichwa chenye ekseli tatu kikivuta trela lenye ekseli tatu. Ekseli ya usukani ni tani 8, mbili za nyuma ya kichwa ni tani 18, na tatu za trela ni tani 24. Jumla ni tani 50. Kichwa chenyewe kina uzito wa tani 9 hivi, na trela la bapa lenye sakafu imara ni tani 7 hivi. Tukiondoa hizo tani 16, kinachobakia kwa ajili ya mzigo ni tani 34, na ni lazima tani hizo zigawanyike vizuri kati ya kichwa na trela.

Msomaji aishike tarakimu hiyo. Tani 34 ndizo mali ya mwenye gari. Kila kilo ya chuma isiyo ya lazima anayoiongeza kwenye trela lake, iwe ni kwa kulirefusha au kwa kulipamba, anaitoa katika tani hizo. Chuma hicho hakilipiwi nauli na mtu ye yote.

UREFU: JE, MREFU NDIYE MWENYE NGUVU?

Kuna imani iliyoenea kwamba trela refu hubeba zaidi. Imani hii ni kweli kwa magodoro na si kweli kwa saruji. Tutazame sakafu yenye urefu wa mita 12.4 na upana wa mita 2.5. Eneo lake ni mita za mraba 31. Tukipakia saruji hadi kufikia tani 34, ambazo ni mifuko 680 ya kilo 50, mzigo huo ukitandazwa sawasawa hautafika kiunoni mwa mtu mzima. Tukipakia nondo za uzito ule ule, mzigo hautafika hata magotini. Sehemu kubwa iliyo juu ya sakafu hiyo itabaki kuwa hewa tupu, na gari limekwisha kufikia kikomo cha sheria. Je, mwenye gari huyu akiongezewa mita moja na nusu ya sakafu, ataiweka nini juu yake?

Shehena zetu nyingi ni nzito kuliko zilivyo kubwa. Chuma, saruji, mbolea, chumvi, sukari, mahindi, vigae na vyakula vya makopo vyote humaliza tani kabla ya kumaliza nafasi. Mwenye kubeba vitu hivi hana haja ya urefu. Haja yake ni wepesi wa trela na ekseli zilizokaa mahali pake. Mwenye kubeba magodoro, ndoo za plastiki au kreti tupu, huyo ndiye humaliza nafasi kabla ya tani, naye ana haki ya kutafuta urefu hadi pale sheria inapomruhusu. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo mnunuzi anapaswa kujiuliza ni hili: katika safari zangu kumi, ni ngapi zilizokomea kwenye uzito, na ni ngapi zilizokomea kwenye nafasi? Asiyeweza kulijibu swali hilo asinunue trela bado.

Hata hivyo ufupi nao una mpaka wake. Dunia ya leo imekwisha kukubali kipimo cha kontena. Tangu Malcom McLean alipopakia makontena 58 kwenye meli iitwayo Ideal X huko Newark, Marekani, mwezi Aprili mwaka 1956, sanduku la chuma limekuwa ndilo futikamba ya bandari zote. Kontena kubwa lina urefu wa mita 12.19, na dogo lina mita 6.06. Madogo mawili yakifuatana huchukua mita 12.12 pamoja na upenyo mdogo kati yao. Nondo nazo huuzwa kwa urefu wa mita 12. Kwa hiyo sakafu ya mita 12.4 hivi hupokea kontena kubwa moja, au madogo mawili, au nondo zisizokunjwa, na pembeni hubaki nafasi ndogo ya kufanyia kazi. Huu si urefu wa kubahatisha. Ni urefu ambao shehena zenyewe zimeuchagua.

Wako watakaouliza: mbona Wamarekani hutumia matrela ya bapa yenye urefu wa futi 48, yaani zaidi ya mita 14 na nusu, na mengine ya futi 53? Jawabu lipo katika sheria zao. Katika barabara zao kuu za kitaifa, gari la kawaida pamoja na mzigo lisipite ratili 80,000, yaani tani 36 na ushei. Uzito wao ni mdogo kuliko wetu lakini barabara zao ni pana na zimenyooka, kwa hiyo wameutandaza mzigo wao kwa urefu. Nchi za Ulaya nazo zimeelekea kwenye sakafu ya mita 13.6 kwa sababu sheria yao inaruhusu kichwa na trela vifikie mita 16.5, na wafanyabiashara wao wamepima sakafu hiyo kwa mbao za kubebea mizigo za kwao. Kila mmoja ameshona kanzu kwa kimo chake. Sisi tukiinunua kanzu hiyo ikiwa imekwisha kuvaliwa, tusishangae ikituburuta matopeni.

Hata hivyo mtu asidhani kwamba nayalaani matrela yaliyotumika Ulaya. Mengi ni imara, na bei yake humfaa mwananchi wa kawaida. Ninachosema ni kwamba mnunuzi ayapime kabla hajalipa. Aangalie kwamba mengi yana tairi moja pana kila upande badala ya tairi pacha, na sheria yetu huiruhusu ekseli ya namna hiyo kubeba uzito mdogo kuliko ile yenye tairi pacha. Tairi ile ikipasuka usiku katikati ya Busitema, ni vigumu pia kuipata dukani. Na urefu ule wa ziada, katika kona za miji yetu iliyojengwa kwa ajili ya magari madogo, hufanya magurudumu ya nyuma yakate ndani zaidi. Hapo ndipo ukingo wa barabara, mtaro, na mara nyingine baiskeli ya mwananchi, hupatikana chini ya tairi.

MAHALI PA MZIGO

Sasa nafikia jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linalowatesa zaidi madereva wetu, nalo ni mgawanyo wa uzito. Wengi hudhani kwamba mradi jumla haikuzidi, gari halina kosa. Mizani haioni hivyo. Mizani huipima kila ekseli na kila kundi la ekseli peke yake.

Tuchukue mfano. Trela lina sakafu ya mita 12.4. Pini inayolishika kwenye kichwa iko mita 1 kutoka mbele, na katikati ya ekseli zake tatu ni mita 8 nyuma ya pini hiyo. Katika tani zake 7, tani 5 zinalalia ekseli na 2 zinalalia kichwa. Kontena dogo lenye tani 24 linaletwa bandarini. Jumla ya gari zima itakuwa tani 40, ambazo ni pungufu ya kikomo kwa tani 10. Dereva ana kila sababu ya kulala usingizi.

Kontena hilo likiwekwa mwisho kabisa wa trela kwa sababu ndipo palipo rahisi kulishushia, ekseli za trela zitabeba tani 30.1. Kikomo ni 24. Gari lina kosa la tani zaidi ya 6, na kichwa nacho kimekuwa chepesi, kwa sababu mzigo unakinyanyua kama mtoto mzito anavyomnyanyua mwenzake kwenye bembea ya ubao. Katika mteremko wenye utelezi, kichwa chepesi hakina mshiko wa kutosha barabarani, na usukani hautii. Kontena lile lile likisukumwa mbele kabisa, kichwa kitabeba tani 29 pamoja na uzito wake, ilhali ekseli zake zote zinaruhusiwa tani 26. Hapo pia kuna kosa. Lakini likiwekwa katikati, ekseli za trela zitabeba tani 20.6 na kichwa kitakuwa na tani 19.4. Gari litapita Mariakani, Mlolongo, Gilgil na Webuye bila neno, na halitazuiliwa upande wetu wa mpaka.

Kontena ni lile lile, trela ni lile lile, barabara ni ile ile. Tofauti ni vifungo vinne tu. Kontena hushikwa kwa vifungo vya chuma vinavyozungushwa kwenye pembe zake nne za chini, na trela likiwa na vifungo vya mbele na vya nyuma tu, bila vya katikati, dereva hana pa kuliweka kontena dogo zito isipokuwa mahali pa makosa. Mwenye mali aliyeokoa bei ya vifungo vinne siku ya kuliunda trela ameiuza salama ya dereva wake kwa bei hiyo.

Mfano huu unaihusu hasa kahawa yetu. Magunia 320 ya kilo 60 ni tani 19.2, na pamoja na uzito wa kontena dogo lenyewe huzidi tani 21. Makontena mawili ya namna hiyo juu ya trela moja hufikia tani 42 na zaidi, mzigo ambao gari la ekseli sita haliwezi kuubeba kihalali. Kwa hiyo mwenye kusafirisha kahawa kwa kontena hubeba moja, nalo huliweka katikati. Anayemwahidi mteja kwamba atabeba mawili kwa mara moja, ama hajui hesabu, ama ana nia ya kupita mizani kwa njia isiyo ya haki.

KIMO NA UPANA

Kimo cha sakafu nacho husahauliwa mpaka siku waya wa umeme unapokatika. Sakafu ya trela la kawaida huwa mita 1.5 hivi kutoka ardhini. Kontena la kawaida lina kimo cha mita 2.59, hivyo jumla ni mita 4.09. Lakini siku hizi makontena makubwa mengi ni ya kimo cha mita 2.90. Juu ya sakafu ile ile hufikia mita 4.40. Mwenye trela hana budi kuipima jumla hiyo dhidi ya kikomo cha kila nchi atakayoipitia, na dhidi ya madaraja ya juu yaliyo njiani. Tofauti ya sentimita 20 za sakafu, inayopatikana kwa kuchagua chasisi na tairi za kimo kidogo, yaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kupita na kurudi.

Kwa upande wa mashine nzito, nasema bila kusita kwamba trela la bapa lina mwisho wake. Mashine ya kuchimbua ya tani 20 ina kimo cha karibu mita 3 na upana unaozidi ule wa sakafu. Ikipandishwa kwenye sakafu ya mita 1.5, minyororo yake hutokeza pembeni na kichwa chake hufikia mita 4.5. Kazi hiyo ni ya trela la sakafu ya chini, tena kwa kibali. Tangu uamuzi wa mwisho wa uwekezaji katika mafuta yetu ulipotangazwa tarehe 1 Februari 2022, barabara za Hoima na Buliisa zimeona mizigo ambayo babu zetu hawakuiota, na watu wengi wametamani kununua matrela ya namna ya pekee kwa ajili ya kazi hiyo. Ushauri wangu ni kwamba kazi ya namna hiyo huja na kwisha. Mwenye mkataba ulioandikwa na anunue. Mwenye tetesi na akodi.

SAFARI YA KURUDI

Kipimo cha mwisho hakipatikani katika kitabu cha mhandisi, nacho ni safari ya kurudi. Nchi yetu huingiza shehena nyingi kwa njia ya Mombasa kuliko inazotoa. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,100, na mwenye gari anayerudi mtupu ameifanya nusu ya safari hiyo kwa hasara. Kwa ajili hiyo trela linalofaa ni lile linaloweza kukubali cho chote kinachopatikana wakati wa kurudi. Sakafu ya mita 12.4 yenye vifungo hubeba makontena mawili madogo matupu. Ikiwa na matundu ya kuchomekea nguzo pembeni, hubeba mbao na nguzo za umeme. Ikiwa na kuta fupi za kupachikwa na kuondolewa, pamoja na turubai, hubeba mahindi hadi Elegu kwa ndugu zetu wa Sudan Kusini, au saruji hadi Mpondwe kwa ndugu zetu wa Kongo.

Kuna wanaopendelea trela la mifupa mitupu, lisilo na sakafu, kwa sababu ni jepesi na ni rahisi. Hoja yao ni ya haki, na tani moja au mbili zinazookolewa si kitu cha kudharau. Mwenye uhakika wa kubeba makontena kwenda na kurudi mwaka mzima, trela hilo ndilo lake. Lakini mifupa haibebi gunia. Mwananchi mwenye gari moja, anayetafuta shehena kwa simu akiwa Malaba, atajuta siku atakapopigiwa simu ya saruji.

Nisisahau maisha ya mtu. Wahandisi wa Ulaya, katika kanuni zao za kufunga mizigo, huhesabu kwamba gari linapofunga breki kwa ghafula mzigo waweza kusukumwa mbele kwa nguvu inayofikia asilimia 80 ya uzito wake. Tani 30 za nondo zitasukuma kama tani 24, na kati ya nondo hizo na mgongo wa dereva pana ukuta wa mbele wa trela, kama upo. Trela la bapa lisilo na ukuta imara wa mbele, wala pete za kutosha za kufungia minyororo na mikanda, halifai kubeba chuma hata kama vipimo vyake vingine vyote ni sahihi.

TUFANYE NINI

Barabara zetu zimejengwa kwa jasho la walipa kodi. Majaribio makubwa yaliyofanywa Ottawa, katika jimbo la Illinois huko Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960, yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara huongezeka kwa kasi kubwa mno kuliko uzito wenyewe, karibu na kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Maana yake ni kwamba ekseli inayostahili tani 10 ikibebeshwa tani 12, haiharibu barabara kwa moja ya tano zaidi. Huiharibu mara mbili. Kontena lililowekwa vibaya, hata kama jumla ya gari ni halali, hula lami ya vijiji ambavyo havikuona senti ya nauli yake.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, benki na vyama vya akiba na mikopo vinavyotoa fedha za kununua matrela viombe, pamoja na hati nyingine, karatasi moja yenye mchoro wa trela na hesabu ya uzito katika kila kundi la ekseli kwa shehena tatu: kontena kubwa, kontena dogo zito, na mzigo uliotandazwa. Mkopeshaji anayeuliza juu ya shamba la dhamana lakini haulizi pini iko wapi, anakopesha gizani.

Pili, mafundi wetu wanaounda matrela hapa nchini na kwa majirani, ambao kazi yao ni ya kusifiwa, wabandike kwenye kila trela kibao cha chuma kinachoonyesha mahali halali pa kuweka kila aina ya mzigo. Makuli wa bandarini wakiona alama hiyo, hawatabishana na dereva. Vyuo vyetu vya ufundi navyo vifundishe hesabu hii pamoja na uchomeleaji, maana haihitaji zaidi ya kujua kuzidisha na kugawanya.

Tatu, wenye magari wawasikilize madereva wao kabla ya kununua. Dereva aliyepita mizani mia anajua trela lipi huleta machozi. Kumtuma mtu barabarani na chombo kilichokosewa, kisha kumkata mshahara kwa sababu ya faini, ni jambo lisilolingana na utu wala na biashara njema. Kosa lililo katika chuma halirekebishwi na mtu aliye usukanini.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Trela ni mali, na daftari lake ni vipimo vyake. Anayekwenda kununua na achukue futikamba, karatasi na kalamu. Na achukue pia orodha ya shehena alizobeba mwaka uliopita, kwenda na kurudi. Akimaliza kuisoma orodha hiyo, atakuwa amekwisha kujua urefu anaouhitaji, na muuzaji hatakuwa na la kumwambia.